Hoteli ya kasino Las Vegas imemwandikia mama yangu bili ya wiski. Mama yangu hajaonja pombe tangu azaliwe!

Wakuu, habari zenu. Naandika kwa hasira, mnivumilie. Nimerudi Kigoma wiki ya tano hii na nikiishika ile karatasi bado mikono inatetemeka.

Mdogo wangu wa kiume anaishi Marekani, na mwaka huu kaoa. Wakwe zake wako Las Vegas, ndoa ikafungwa msikitini huko huko. Sisi wageni wa mbali tukapangiwa hoteli, yale majihoteli ya kasino yenye vyumba elfu kadhaa, kwa sababu ndiyo iliyotoa punguzo la kundi. Chumba kikaandikwa kwa jina la mama, kwa heshima yake. Mama ana miaka 71, mtu wa Ujiji, kahiji, na sukari imemwandama mwaka wa kumi na mbili sasa. Anachoma insulini asubuhi na jioni.

Safari yenyewe: Kigoma hadi Dar kwa ndege, Dar hadi Doha, Doha hadi Los Angeles, halafu gari saa tano jangwani. Njia nzima insulini niliibeba mimi kwenye chupa ya chai yenye barafu, vichupa vimezungushiwa taulo ili visigande. Maana insulini ikiganda imekufa, huichomi tena. Na ikipata joto kali inaharibika vilevile. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vinataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mama haya anayajua kuliko manesi wengine. Nyumbani Ujiji umeme ukikatika anavitia kwenye kopo, kopo analiweka ndani ya mtungi mdogo, mtungi kauzika nusu kwenye beseni la mchanga uliolowa, kivulini. Miaka yote hiyo hajawahi kuharibu dawa hata mara moja.

Tumefika hotelini barafu imeshakuwa maji. Nje joto la jangwa linachoma macho. Mapokezi foleni dakika arobaini, mama kakaa juu ya sanduku. Zamu yetu ilipofika nikamwambia yule kijana kwa Kiingereza changu hiki hiki: mama ana kisukari, ana dawa ya kuweka kwenye baridi, chumbani kuna friji? Akajibu ndiyo, ipo. Basi. Akachukua kadi yangu ya benki, akashikilia dola 100 kwa kila usiku kwa usiku nne kama dhamana, tukapanda.

Ndani ya chumba friji kweli ipo, ndogo, chini ya televisheni. Imejaa pombe na chokoleti, hakuna hata pa kupitisha kidole. Mama akachukua karatasi laini akaikunja mkononi, kwa sababu hataki kuigusa pombe kwa mkono mtupu, akatoa bia mbili, vichupa viwili vya wiski na chokoleti moja. Akavipanga juu ya meza kwa mstari, kama anavyopanga vikombe vya wageni. Pale alipopapata akaweka dawa yake, akasema alhamdulillahi, akalala. Siku ya kuondoka akavirudisha kimoja kimoja, kila kitu mahali pake, vizibo havijaguswa.

Kumbe kila chupa mle ndani imekaa juu ya kitu kinachohisi uzito. Ukiinyanyua zikapita sekunde 60, kompyuta ya hoteli inaandika kwamba umeinunua. Tangazo lipo, nililiona baadaye, limebandikwa upande wa ndani wa mlango wa friji, herufi za saizi ya sisimizi, Kiingereza kitupu.

Tunaaga, napewa bili. Bia mbili, dola 28. Wiski mbili, dola 44. Chokoleti, dola 12. Na dola 50 nyingine wanaziita ada ya kuweka vitu vyako binafsi kwenye friji yao. Jumla dola 134, zaidi ya laki tatu za kwetu. Juu ya karatasi limeandikwa jina la mama yangu lote, matatu. Hajati wa Ujiji kanywa bia na wiski usiku wa kwanza aliofika kumwozesha mwanawe!

Nilimwambia yule wa mapokezi hivi vitu havijanywewa, pandeni juu mkaangalie. Akasema mfumo umerekodi. Nikasema mfumo umerekodi kwamba chupa imehama, haujarekodi kwamba mtu kanywa. Akaita msimamizi. Msimamizi anatabasamu, anasema chumba kimeshakabidhiwa watu wa usafi, hawezi kuhakikisha, lakini kwa ukarimu wao atatuondolea nusu. Nusu ya nini? Kwa hiyo mama kanywa nusu? Nikakataa. Nyuma yangu foleni inaguna, gari la kutupeleka Los Angeles linasubiri, mama ananivuta mkono ananiuliza, "Mwanangu, wanasemaje?" Nikashindwa kumtafsiria. Nilimwambia wanahesabu pesa ya chumba. Alijua ukweli ndani ya gari, mpwa wangu alipoisoma karatasi kwa sauti. Kuanzia hapo hadi tunafika uwanja wa ndege hakusema neno.

Na sijamaliza. Asubuhi ile ile, kabla hatujashuka, tulikutana koridoni na mama mmoja wa Kihabeshi anayesafisha vyumba. Akamwamkia mama kwa kuinama, tukaongea kidogo, nikamweleza habari ya dawa. Akashangaa. Akaniambia hoteli ina friji ndogo za wagonjwa, ukiomba mapokezi unaletewa chumbani, BURE. Bure, wakuu! Na mimi siku ya kwanza nilisema pale mapokezi neno kisukari na neno dawa kwa mdomo wangu. Yule kijana angetamka sentensi moja tu, haya yote yasingetokea.

Kuna watakaoniambia ungesoma masharti. Nilisoma. Nilijua kuna ada ya huduma dola 45 kila usiku, ya intaneti na mabwawa ambayo mama hakuyakanyaga. Hiyo ilionyeshwa, kwa sababu tangu Mei 12, 2025 kanuni ya Marekani inazilazimisha hoteli kutaja bei nzima pamoja na ada zote za lazima. Lakini kuhamisha chupa si ada ya lazima, kwa hiyo haionyeshwi popote unapolipia chumba. Unaikuta ndani ya friji.

Sina ugomvi na kamari yao. Kwenye jimbo lao la Nevada ni halali tangu 1931, anayekwenda kucheza acheze. Ila ujue jengo lenyewe linakulazimisha: kutoka mapokezi hadi kwenye lifti unakatiza katikati ya mashine, ukitaka kwenda kula unakatiza tena, na sigara zinavutwa humo humo maana sheria yao ya 2006 ya kuzuia moshi imeacha ukumbi wa kasino. Mama siku nne alikuwa anapita kajiziba pua na ushungi, macho chini, kanishika kiuno.

Zile dola 400 walizoshikilia zimerudi siku ya 26, zimekatwa 134. Mimi nanunua dagaa mwaloni Kibirizi. Siku zote hizo giza la mwezi liliingia, mitumbwi ikawa inarudi imejaa, wenzangu wananunua, mimi milioni yangu ilikuwa imefungiwa na watu wa jangwani kwa sababu ya chupa ambazo hazikufunguliwa. Anayesafiri na kadi ya benki ya kawaida alijue hilo kabla: hela inayoshikiliwa ni ile ile ya mtaji wako.

Mwaka juzi mama alilala gesti moja hapa Mwanga, mvua ilitukatisha kurudi nyumbani. Mwenye gesti alichukua dawa kwa mikono miwili akaiweka kwenye friji yake mwenyewe, pembeni ya maziwa ya wanawe, na alfajiri akagonga mlango kuileta. Chumba elfu ishirini na tano.

Nimewaandikia hoteli mara tatu. Mara zote nimejibiwa maneno yale yale, kwamba wanathamini maoni yangu. Kila baada ya magharibi mama ananiuliza, "Wamejibu?"

Mwenye uzoefu wa kupinga makato ya nje kupitia benki zetu anielekeze, na mwenye Kiingereza cha kisheria anisaidie barua moja. Dola 134 wakitaka wabaki nazo. Ninachotaka ni bili mpya yenye jina la mama yangu, isiyo na bia wala wiski, nimletee aishike mkononi.