Gumzo la ukoo: siku Neema alipokwenda bungeni

*Jumatatu, 19 Juni 2023*

07:12 Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Dodoma tumeamka salama. Baridi ya huku jamani! Neema nimemvalisha masweta mawili, akipigwa na baridi tu mifupa inaanza kuuma.

07:14 Shangazi Flora: Marahaba wifi. Maji anakunywa?

07:15 Mama Neema: Yuko chupa ya pili tangu alfajiri.

07:20 Bibi (simu ya Juma): Mwambieni mke mwenzangu asiwaogope wabunge. Ni waomba kura tu wale.

07:21 Shangazi Flora: 😂😂 Bibi!

07:33 Kaka Deo: Dada, narudia ya jana. Bajeti ya afya ilishapita Mei. Mnaenda kuomba nini leo?

07:35 Mama Neema: Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto. Na leo ni siku ya selimundu duniani, yaani sikoseli, ugonjwa huu wa damu wa Neema, ndiyo maana tumeichagua.

07:39 Kaka Deo: Toto Afya ilisitishwa Machi, na NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, walitoa sababu. Wazazi wengi walikuwa wanakata kadi mtoto akishaugua. Shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto analazwa mara nne. Ni sawa na chama cha kufa na kuzikana wajiunge wenye wagonjwa mahututi peke yao. Mfuko utafika wapi?

07:44 Mama Neema: Hesabu yako siikatai kaka. Lakini sikoseli Neema hakuipata dukani, kazaliwa nayo. Kadi yake inakata Agosti. Naambiwa nimsajili kupitia shule, shuleni wananiambia hawajui lolote. Au nichukue kifurushi cha familia. Kwa pesa ya bodaboda ipi?

07:46 Shangazi Flora: Kwani watoto si bure?

07:47 Mama Neema: Chini ya miaka 5 wifi, huyu ana 7. Na hiyo bure yenyewe, alipokuwa na 3 tuliandikiwa dawa tukanunue nje.

07:52 Baba Neema: Shem Deo, hatuendi kuomba irudi vilevile. Tunataka kila mtoto aingie siku anayozaliwa, apewe kadi ya kliniki na ya bima dirisha moja. Wazima na wagonjwa. Hapo chama chako cha kuzikana si kimepata wanachama?

07:55 Kaka Deo: Hapo umenishika. Basi anzeni na hilo, kulia baadaye.

08:21 Mama Neema: Simu tunaziacha getini. Tuombeeni.

10:07 Shangazi Flora: WASHENI TBC. Wageni wanatambulishwa

10:08 Juma: Yule pale juu! Gauni la njano!

10:08 Shangazi Flora: Amesimama jamani. Wabunge wanapiga meza 😭

10:10 Bibi (simu ya Juma): Huyo wa kamera ana haraka ya nini? Sijamwona vizuri.

13:26 Mama Neema: Tumetoka. Nawaandikia, sauti imenikauka.

Getini askari kaishika ile chupa ya maji, anasema haipiti. Kabla sijafungua mdomo Neema kamwambia, "Nisipokunywa damu inakwama." Yule kaka kamtazama machoni, na leo macho yake yana manjano kidogo. Kamwambia haya, piga mafunda mawili nione. Kapiga. Tukapita.

Mbunge wetu alikuja na mwenzake wa kamati. Dakika ishirini, chai imepoa hakuna aliyeigusa. Tukaanza na la kadi ya kuzaliwa kama Deo alivyosema. Wakawa wanaitikia tu, mnajua ile "ndiyo, ndiyo" ya mtu anayeangalia saa. Nikatoa daftari.

13:28 Shangazi Flora: Lile la kava bluu?

13:33 Mama Neema: Hilohilo. Kila siku aliyolazwa, kila chupa ya damu, kila nauli. Yule wa kamati kafunua kimyakimya, akakwama ukurasa ambao nimeandika "Dawa hamna, nunua nje" mara sita mfululizo. Akauliza dawa gani. Nikasema haidroksiyurea. Akajaribu kuitamka, akashindwa, Neema akamsahihisha. Silabi moja moja, kama mwalimu 😂 Kuanzia hapo saa hakuiangalia tena.

13:35 Kaka Deo: Wameahidi nini?

13:39 Mama Neema: Kadi hawakuahidi, nisiwadanganye. Wamesema mlango ni muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, ule uliosomwa mara ya kwanza mwaka jana. Ukirudi, watalisema la watoto. Wetu kasema pia ataomba swali la nyongeza. Wakataka daftari wabaki nalo.

13:39 Shangazi Flora: Ukawapa???

13:40 Baba Neema: Thubutu. Kawatolea kopi kurasa tatu, la kwake kalirudisha kwapani.

13:44 Bibi (simu ya Juma): Mke mwenzangu amekula?

13:45 Mama Neema: Wali maharage, kamaliza na wa baba yake. Basi letu saa tisa.

13:52 Kaka Deo: Dada, kurasa tatu hazitoshi. Muswada ukirudi watataka jumla: siku ngapi wodini, pesa ngapi mfukoni, ngapi kadi ililipa. Ukifika nyumbani piga picha daftari lote. Nitaliingiza kwenye kompyuta.

13:53 Mama Neema: Lote? Kurasa 61 kaka. Na mwandiko wa usiku wodini unaujua.

13:54 Kaka Deo: Tuma. Nisipoweza kusoma nitakupigia.