Wageni wa Nakuru wataka bahari

Rukia: Asalaam aleikum jamaa. Wageni wetu wa Nakuru wameshuka Miritini, hapa Mombasa, jana usiku. Watoto tangu alfajiri wauliza bahari tu. Jumamosi twawapeleka wapi?

Salim: Waaleikum salaam. Ufuo wa Pirates! Matatu za Mtwapa zapita hapo hapo. Ngamia wapo, maboya ya kukodi yapo, viazi karai havikosi.

Shangazi Mwanaisha: Jumamosi ya likizo ya Disemba, Pirates? Salim mwanangu, mtoto akikupotea kwenye umati ule utamuona wapi? Mimi nasema Tiwi, pwani ya kusini. Mchanga mweupe, watu wachache, wageni wapumue.

Salim: Tiwi mbali shangazi. Na feri ya Likoni nayo?

Shangazi Mwanaisha: Feri twavuka kwa miguu bila kulipa, na watoto waone meli zikiingia Kilindini. Likoni tutafute matatu nzima itupeleke mpaka ufuoni. Ile njia ya kuingilia kutoka barabara kuu ni ndefu, sitaki watu waitembee na mizigo.

Ami Bakari: Salaam. Kabla hamjachagua pwani, angalieni mwezi. Jumamosi ni siku ya kumi na sita ya mwezi mwandamo, yaani bamvu, maji hupwa sana na kujaa sana. Bamvu la kwetu hapa, maji hupwa asubuhi, saa nne kwenda saa tano, kisha hujaa mpaka jioni. Kutoka kupwa hadi kujaa yaweza kupanda zaidi ya mita 3. Hayo humfunika mtu mzima na mkono kaunyosha juu.

Rukia: Kwa hivyo Pirates asubuhi hakuna kitu?

Ami Bakari: Pirates saa hizo mtatembea kwenye mchanga na mwani tu, kuogelea ni baadaye. Tiwi ndiyo yafaa maji yakipwa. Mwamba wajitokeza na mabwawa yake, hata lile lenye umbo la Afrika mwalifikia kwa miguu. Maji yake mwaona mpaka chini, samaki wadogo wa rangi wapita miguuni. Upepo wa kaskazi umeshika, wakati wake ndio huu.

Njeri (Nakuru): Habari zenu. Asanteni sana kwa kutupangia. Lakini mimi sijui kuogelea, na watoto pia hawajui. Huko kwenye mwamba si hatari?

Ami Bakari: Shemeji, umeuliza la maana. Hatari ya mwambani ni kusahau saa. Maji yakianza kurudi hayaji kutoka mbele peke yake. Huingia kwanza mapitoni, nyuma yako, wewe uko juu ya jiwe wadhani bado pakavu. Ukigeuka, kati yako na ufuo pashakuwa kina. Wageni wengi wametiwa hofu namna hiyo. Sisi tutaingia maji yakiendelea kupwa, na yakigeuka tu, sote ufuoni. Hata kama watoto walia.

Njeri (Nakuru): Nimeelewa. Nani atakuwa nao?

Ami Bakari: Mimi mwenyewe. Na wao watacheza bwawa la karibu, maji ya magoti.

Shangazi Mwanaisha: Allah akuweke Bakari. Kila mtoto avae raba kuukuu, slipa zitachomoka, na wale wanyama weusi wa miiba walio mwambani wakikuchoma hulali usiku.

Ami Bakari: Na msiokote kombe wala kuvunja matumbawe. Samaki wetu huzaliana humo, na wavuvi wa Tiwi wapata riziki kwa bahari ile ile.

Rukia: Mchana je, maji yakijaa?

Salim: Twende ufuo wa Kongo tukaone msikiti wa kale na mibuyu. Ni jirani tu, pale mto Mwachema unapoingia baharini.

Ami Bakari: Sawa, lakini mtoni hakuogi mtoto bila mkubwa. Pana mkondo.

Shangazi Mwanaisha: Basi tuwe ferini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Salim, dereva ni kazi yako, na bei mkatane leo. Mihogo na mbaazi n'tapika mimi. Rukia, mahamri na maji ya kunywa. Tubebe kwa vikapu, na taka zetu turudi nazo.

Njeri (Nakuru): Mimi nilete nini jamani?

Shangazi Mwanaisha: Wewe mgeni, lete watoto na nguo zao za kubadilisha.

Salim: Dereva amekubali. Aniuliza tu tuko wangapi. Kila mtu ataje watu wake hapa kabla ya magharibi.