Naomba ushauri: msimamizi amenirudishia sura ya tatu, utafiti wa wanafunzi wanaoenda ng'ambo

Nyota_wa_Kasarani (mleta uzi)
Habari zenu wanajukwaa. Nasoma shahada ya uzamili katika elimu hapa Nairobi na nimekwama pabaya. Mada yangu ni iwapo kusoma ng'ambo hubadilisha jinsi vijana wetu wanavyowaona watu wa tamaduni nyingine. Nimeshawapa hojaji wanafunzi 63 kabla hawajasafiri. Mpango ni kuwatumia ile ile kwa WhatsApp wakimaliza muhula wa kwanza huko waliko, kisha nilinganishe alama. Msimamizi amerudisha sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, imejaa wino mwekundu. Pembeni ameandika: "Utajuaje ni safari iliyowabadilisha?" Anaitaka kesho kutwa saa moja asubuhi. Swali langu ni moja tu: nitumie kipimo gani cha takwimu, t ya jozi (ile ya kulinganisha alama za mtu yule yule kabla na baada) au kingine? Tafadhalini, usingizi umenipaa.

Takwimu_Tu
Dada, kipimo baadaye. Sampuli kwanza. Chukua fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli: N gawanya kwa (1 jumlisha N mara mraba wa e), N ikiwa idadi ya watu wote na e kosa unaloruhusu. Ukiwa na watu 400 na kosa la asilimia 5 unapata 200. Hao 63 uliwatoa wapi? Kwenye utetezi watakuanzia hapo hapo.

Mwalimu_Ngara
Mwanangu, mbona mnapima kizazi cha leo tu? Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa Tom Mboya ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani. Mwaka uliofuata akaenda Wangari Maathai, akasomea biolojia kule Atchison, Kansas, akarudi akatuamsha sote. Wale walienda wakijua wanarudi. Wa siku hizi wanaaga kabisa. Hilo ndilo la kufanyia utafiti.

Kijana_Roysambu
Na babake Obama alikuwa kwenye ndege hiyo hiyo.

Mwalimu_Ngara
Hapana, kijana. Alienda Hawaii mwaka huo huo lakini si kwa ndege ile. Mnarudia hadithi bila kuuliza.

Bi_Hojaji
Mleta uzi, msimamizi wako hajakuuliza kuhusu kipimo. Anakuuliza kuhusu muundo wa utafiti. Mtu wa miaka 19 akikaa miezi minne popote pale, hata Rongai, atabadilika. Anakua. Anayeenda ng'ambo naye tayari ni tofauti na asiyeenda: ana hamu, ana jamaa wa kumchangia, ana pasipoti. Usipokuwa na kundi la kulinganisha, hata ukitumia hesabu nzuri kiasi gani, jibu litakuwa lile lile. Sasa nijibu Takwimu alichouliza: majina uliyapata wapi?

Nyota_wa_Kasarani
Asanteni. Niliwapata kupitia watu ninaofahamiana nao, hilo halina shida. Kundi la kulinganisha siwezi, muda hautoshi. Naomba turudi kwenye kipimo.

Mama_Mwenyeji_SouthB
Mwanangu pole. Mimi si msomi wa takwimu, ila hili la ng'ambo limeishi sebuleni kwangu. Miaka mingi nimekaribisha wanafunzi wa Kimarekani wanaokuja Nairobi kwa muhula mmoja. Wanafika na daftari, wanaandika ninavyosonga ugali, wanaandika tunavyopanga foleni ya maji mifereji ikikauka. Muhula ukiisha wanajaza fomu ya chuo chao: umejifunza nini, umebadilika vipi. Mimi hakuna siku nimeulizwa hata swali moja. Na walioguswa zaidi ni wanangu! Kitinda mimba wangu alianza kunijibu akinitazama machoni na kusema "mimi sikubaliani na hilo, mama." Akaacha kula na sisi mezani, akawa anabeba sahani kwenda chumbani kama mgeni wetu. Hiyo nayo ni data au si data?

Bi_Hojaji
Mama, hiyo ni data, tena ile inayokosekana. Tafiti nyingi humuuliza msafiri ajipime mwenyewe. Anayeishi naye haulizwi.
Mleta uzi, nakurudia. Watu 63, wote wana viza, wote wanaondoka msimu mmoja. Orodha kama hiyo haipatikani kwa kufahamiana. Orodha hiyo ina mwenyewe. Ni nani?

Nyota_wa_Kasarani
Sawa. Ninafanya kazi katika ofisi ya wakala mjini inayowatafutia wanafunzi vyuo vya nje. Hao ni wateja wetu. Sikutaja kwa sababu najua watu wa jukwaani mkisikia wakala mnafikiria matapeli, na sisi si matapeli. Bosi ananilipia nusu ya karo. Ameniomba tu kwamba matokeo yakiwa mazuri ayaweke kwenye kijitabu cha ofisi. Sioni ubaya wowote. Fomu yetu ya kujiunga inasema taarifa za mteja zinaweza kutumika kuboresha huduma, na wote walitia sahihi.

Wakili_wa_Mtaa
Hapo ndipo penye kazi, dada yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aridhie jambo mahususi, kwa hiari, akijua linahusu nini. Kuboresha huduma na tasnifu yako ni vitu viwili. Sheria hiyo ina kipengele cha utafiti, ni kweli, mradi matokeo yasimtambulishe mtu. Lakini kipengele hicho hakikuondolei kamati ya maadili wala kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Unavyo? Na hojaji walijazia wapi, saa ngapi?

Nyota_wa_Kasarani
Kibali nilikuwa naandaa maombi. Walijazia ofisini, pale kaunta, wakisubiri kuchukua barua zao za chuo na pasipoti. Palikuwa mahali pazuri kwa sababu wote hupitia pale. Sikumlazimisha mtu yeyote, nilisema "ukipenda." Hakuna hata mmoja aliyekataa.

Wakili_wa_Mtaa
Hakuna aliyekataa kwa sababu pasipoti yake ilikuwa kwenye droo yako.

Takwimu_Tu
Aisee. Mimi nilikuwa nahangaika na Yamane.

Mwalimu_Ngara
Na baada ya lile sakata la masomo ya Finland kule Uasin Gishu, pesa zimelipwa na watoto wengi hawakusafiri, wazazi wameuza ng'ombe wakalia hadharani, mtoto gani atamwambia mtu wa ofisi "sitaki kujaza"? Mwanangu, usiwatumie watoto wa watu.

Nyota_wa_Kasarani
Mwalimu, naheshimu, lakini mnanihukumu bila kuniona. Hawa vijana nawapenda. Nawapigia simu hata wakishafika.

Jicho_la_Mwewe
Jamani, mnalishwa. Someni tena kutoka juu. Hakuna kundi la kulinganisha, mfadhili ana maslahi, ridhaa imepatikana kaunta, kibali hakuna. Kila kosa la somo la mbinu za utafiti limekusanyika kwa mtu mmoja. Na chuo gani Nairobi kinadai sura saa moja asubuhi? Saa moja asubuhi hapa, huko New York ni saa sita usiku, saa ya kufunga kupokea kazi. Hii ni oda. Huyu anamwandikia mwanafunzi wa Marekani kazi ya somo, na sisi tunamsaidia bure.

Kijana_Roysambu
Duh! Mwewe umeona mbali. Dada, oda inalipa ngapi kwa ukurasa?

Mwandishi_wa_Usiku
Mimi nimefanya kazi hizo nikiwa Kahawa Wendani, na sifichi, zilinilipia kodi. Lakini niwape moja ambayo haijawahi kunitoka akilini. Nilipata oda ya insha ya kutafakari: mwanafunzi aeleze muhula wake wa ng'ambo ulivyombadilisha. Nafungua maelekezo, muhula wenyewe aliufanyia Nairobi! Alikuwa hapa hapa, labda tulipanda naye matatu moja. Nikamwandikia jinsi alivyoshangazwa na Gikomba, jinsi alivyojifunza subira kwenye foleni ya magari Thika Road. Nikamtungia hata machozi ya kuaga. Sasa mtafiti fulani huko akikusanya insha zile kama ushahidi kwamba wanafunzi wao hupevuka wakija Afrika, anasoma mawazo ya mtu wa Wendani. Mleta uzi, ukiwa kweli ni mwanafunzi, usitegemee maandishi peke yake.

Mama_Mwenyeji_SouthB
Ee Mungu wangu. Kumbe wale wangu nao?

Nyota_wa_Kasarani
Mwewe, mimi si mwandishi wa oda. Msimamizi wangu ana kipindi saa mbili, ndiyo maana hupokea wanafunzi saa moja, na husahihisha kwa kalamu kwenye karatasi. Ukurasa wenye jedwali la tatu ameukunja pembe na kuandika "watu hawa walikuwa na uhuru wa kusema hapana?" Sikuwaambia hilo mwanzoni kwa sababu nilitaka nisikie kwanza kuhusu takwimu. Amini usiamini.

Jicho_la_Mwewe
Siamini, lakini endeleeni. Uzi umekuwa mzuri.

Bi_Hojaji
Awe wa kweli au wa kutungwa, wako wengi wenye tatizo hili, kwa hiyo najibu. Dada, tuwekee kauli mbili tatu za hojaji yako na utuambie walijibuje.

Nyota_wa_Kasarani
Ya 4: "Niko huru kukaa chumba kimoja na mtu wa lugha nyingine." Ya 9: "Nimewahi kula nyumbani kwa watu wa jamii nyingine." Kipimo ni 1 hadi 5. Karibu wote wamejaza 5. Niliitoa kwenye hojaji ya Marekani nikaitafsiri.

Bi_Hojaji
Basi tatizo lako kubwa ni hilo, kabla hata ya kundi la kulinganisha. Milton Bennett, mtafiti Mmarekani wa mawasiliano kati ya tamaduni, alipopanga hatua zake za kuelewa tamaduni mwaka 1986, ya kwanza ilikuwa ya mtu anayeishi kana kwamba tofauti hazipo. Kijana aliyekulia Umoja, jirani wa juu Mkamba, wa chini Mluo, dukani Msomali, na darasani lugha ya tatu, alishapita hapo kabla ya kuota meno ya utu uzima. Amejaza 5 leo. Baada ya muhula atapanda wapi? Alama yake haina pa kwenda ila chini, na ikishuka utaandika kwamba ng'ambo imemharibu. Tunga maswali yanayomhusu yeye: anafanyaje akiwa mweusi pekee darasani, anamwambia nini mamake kwenye simu asipokuwa na hela, anashirikiana na nani akiumwa.

Kundi la kulinganisha unalo, hujaliona. Ofisi yenu ina wanaoondoka Septemba na wanaoondoka Januari. Wote wamechagua kwenda, wote wamelipa. Wa Januari bado wako Nairobi wakati wa Septemba wanamaliza muhula. Wapime wote Agosti, wapime wote Desemba. Angalia tu kwa nini mtu ameangukia Januari: kama ni kwa kukosa pesa za Septemba, lieleze. Usichukue walionyimwa viza kama kundi lako, kwa sababu viza huangalia pesa, na wale wana uchungu wao. Na wale wa ng'ambo ambao hawatajibu Desemba, usiwafute kimya kimya. Aliye na furaha hujibu upesi. Aliyezima simu ndiye ungetaka kumsikia.

Nyota_wa_Kasarani
Hili la Januari sikuwa nimeliwaza kabisa. Nitampelekea msimamizi kesho kutwa. Lakini zile 63 siwezi kuzitupa, nimezifanyia kazi sana. Nikipata kibali sasa, si kitazifunika?

Wakili_wa_Mtaa
Kamati haibariki kilichokwisha kufanyika. Mwambie msimamizi ukweli kabla hajasikia kwingine, na uiulize kamati kama unaweza kuzitaja kuwa jaribio la hojaji tu. Wakikataa, zibaki ofisini. Na bosi akubali kwa maandishi kwamba utachapisha hata matokeo yasipompendeza.

Nyota_wa_Kasarani
Bosi hatapenda hilo. Na wa Januari wakikataa kujaza?

Bi_Hojaji
Wakikataa, andika ni wangapi, kisha uendelee na waliokubali. Hojaji mpya agawe mtu asiye wa ofisi yenu, mbali na kaunta, baada ya kila mmoja kukabidhiwa pasipoti yake. Na Mama wa South B, nitumie ujumbe wa faragha. Nataka kukuhoji mimi mwenyewe, ukiridhia.