Mjadala: Je, kazi zote za makumbusho zihamishiwe ghala moja nje ya mji?

Mleta mada
Makumbusho yakifungwa kwa ukarabati mkubwa, ugomvi huanzia stoo. Kazi zilizorundikwa chini ya jengo zipelekwe zote ghala jipya mbali na mji, au zibaki karibu hata kwa kubanana? Mimi niko upande wa kuhama. Juni 2016 Mto Seine ulipofurika, makumbusho ya Louvre ya Paris yalifungwa na wafanyakazi wakapandisha kazi orofa za juu kwa haraka. Mwaka 2019 ghala lake la Liévin likafunguliwa, karibu kilomita 200 kaskazini mwa Paris, kwa ajili ya kazi zipatazo 250,000. Afadhali kufungasha sakafu ikiwa kavu kuliko kufungasha maji yakiwa magotini. Mkandarasi akitoa miezi minane ya kuhama, tuitumie.

Mtafiti
Hoja ya mafuriko siipingi. Napinga jawabu lake. Mpango wa Liévin ulipingwa na watunzaji wengi wa Louvre yenyewe kwa sababu ya umbali: kazi isiyofikiwa haichunguzwi, na isiyochunguzwa hugunduliwa ina ukungu ukiwa umeshakomaa. Tena mnasema ghala *moja*. Mei 2004, ghala lililotumiwa na Momart, kampuni ya kuhifadhi kazi za sanaa, huko London liliungua, zikateketea zaidi ya kazi 100, likiwamo hema la msanii Tracey Emin. Moto ulianzia kwenye chumba cha jirani katika eneo lile lile la viwanda. Kabla ya kusifia bei ya kiwanja, ulizeni jirani anahifadhi nini.

Mhifadhi
Mnabishania kilomita, ilhali picha huumia zaidi mikononi kuliko barabarani. Uhamisho mmoja una miguso isiyopungua sita: kushushwa, kufungwa, kutiwa kwenye kreti, kupakiwa, kufunguliwa, kutundikwa upya. Ukipitia kwanza stoo ya muda halafu ghala la kudumu, umeizidisha mara mbili. Ndiyo maana stoo ya karibu "ya muda" siiamini, ingawa kwenye bajeti huonekana rahisi.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. Plastiki ya mapovu ikigusa rangi huacha alama za duara, hasa joto likipanda. Itangulizwe karatasi laini isiyonata, na mapovu yatazame nje. Rangi ya akriliki hulainika na kunata kwenye joto, na ikishuka chini ya nyuzi 5 hukakamaa, ikitikiswa inapasuka. Picha ya pasteli isiwekewe plastiki ngumu badala ya kioo, kwa kuwa umeme tuamo hunyonya chembe za rangi; isafiri imelala, uso ukitazama juu. Kioo cha kawaida kibandikwe tepu ya karatasi kisisambaze vipande kikivunjika, lakini tepu hiyo isibandikwe kamwe juu ya plastiki angavu ya akriliki. Turubai isiyopita mlangoni huviringishwa juu ya silinda nene, rangi ikiwa nje. Ikiwa ndani, tabaka la rangi linabanwa na kubanduka. Kwenye lori picha husimama wima, sambamba na mwelekeo wa safari, na kreti likifika lisubiri saa 24 kabla ya kufunguliwa, lizoee hewa ya mahali.

Halafu wadudu. Nguo na vitu vingi vya mbao hufungwa kwenye nailoni na kugandishwa nyuzi 30 chini ya sifuri kwa saa 72. Picha iliyochorwa juu ya ubao haigandishwi. Huwekwa kwenye hema la nitrojeni, oksijeni ikiwa chini ya asilimia 0.5, kwa wiki tatu au zaidi kulingana na joto. Ukiruka hatua hii, umewalipia nondo na fukusi nauli ya kwenda ghala jipya.

Msajili
Swali la wapi linaweza kusubiri. Swali la lini haliwezi. Chukueni mkusanyiko wa vitu 12,000. Kikosi cha watu watatu kikihakiki namba ya usajili, kikapiga picha pamoja na kipimo na kadi ya rangi, kikaandika hali ya kitu na kukifunga, vitu 30 kwa siku ni mwendo mzuri. Hizo ni siku 400 za kazi. Kwa miezi minane unahitaji vikosi viwili na nusu, na hapo hakuna aliyeugua wala kitu kisicho na namba.

Na visivyo na namba huwa havikosi. Mleta mada, dawa inayopendwa ni "tufungashe kwanza, tutahakiki kule." Naipinga moja kwa moja. Kitu kikishaingia kwenye kreti bila namba, kimetengana na rafu yake, na ile rafu mara nyingi ndiyo ilikuwa ushahidi pekee wa kilikotoka. Kipeni namba ya muda, andikeni mahali kilipokutwa, endeleeni. Msimbopau wa kitu uunganishwe na wa kreti, wa kreti na wa rafu, na uskaniwe mara mbili: kinapotoka na kinapofika. Katikati hadhi yake iwe "njiani". Jioni orodha ya vilivyo njiani ikiwa bado ina kitu, lori la kesho lisiondoke.

Bima nayo ianze picha inaposhushwa ukutani na kuisha inapotundikwa kule, siyo mlango hadi mlango tu. Mkataba huweka kikomo cha thamani kwa kila lori, kwa hiyo kazi bora kumi hazipandi pamoja hata kama nafasi ipo.

Fundi wa ghala
Jengo jipya si jengo tayari. Zege mbichi hutoa unyevu kwa miezi, na vumbi lake ni kali kwa vitu. Pima unyevu wa hewa mfululizo kabla ya kreti la kwanza. Ukitaka ukae kati ya asilimia 40 na 60, onyesheni grafu, siyo ahadi ya mkandarasi. Rafu zinazosogea kwenye reli zinaweza kuhitaji sakafu ya kubeba zaidi ya tani moja kwa mita ya mraba. Orofa nyingi za ofisi zilizogeuzwa stoo hazifiki hapo. Rafu ya chini iinuliwe sentimita 15. Mbao za mwaloni zisitumike, hutoa asidi inayokula vitu vya madini ya risasi.

Pimeni pia mlango mwembamba kuliko yote njiani, pamoja na kina cha lifti. Kazi kubwa hukwama kwenye kona, siyo kwenye lango.

Mtafiti
Basi kwa nini lisiwe ghala la wazi? Depot ya makumbusho ya Boijmans van Beuningen huko Rotterdam ilifunguliwa 2021 ikiwa na vitu 151,000, na watu wanaingia. V&A East Storehouse, ghala la makumbusho ya Victoria and Albert ya London, iliyofunguliwa 2025, inakuruhusu kuagiza kitu ukione kwa miadi. Zote ziko mjini.

Mhifadhi
Kila mgeni analeta vumbi, mwanga na unyevu wa pumzi. Inawezekana, Rotterdam wametenga kanda za hewa kulingana na aina ya vitu. Ila gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti ya kila mwaka, isiishie kwenye ya ujenzi.

Msajili
Ghala likipokea kreti la mwisho, ibaki nafasi ya angalau asilimia 15, pamoja na chumba cha kutenga vitu vyenye wadudu na meza ya watafiti. Mleta mada, kwenye mpango wako viko wapi?

Mleta mada
Meza ipo. Chumba cha kutenga hakipo, kiongezwe. Miezi minane nimeiacha: mkandarasi akabidhiwe jengo kwa awamu, stoo za chini zitoke kwanza kwa kuwa ndizo zenye maji, kumbi za juu zifuate uhakiki ukiisha.

Mtafiti
Awamu naziunga mkono. Umbali bado.