Kuwafundisha matabibu na wauguzi tiba ya utambuzi na tabia kwa waliojaribu kujiua: nani afundishwe nini?

Mratibu_Mafunzo, Dar es Salaam

Ndugu wataalamu, salaam.

Ninaratibu mafunzo kazini katika hospitali moja ya umma hapa jijini. Uongozi umeridhia tuwajengee uwezo matabibu, wauguzi na maafisa ustawi wa jamii katika tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayomsaidia mgonjwa kuzitambua na kuzibadili fikra na mienendo inayomdhuru, kwa ajili ya kuzuia kujiua, kwa sababu wagonjwa wanaoletwa idara ya dharura baada ya kujaribu kujiua hutibiwa mwili, hupata nafuu, huruhusiwa, na wengi wao hatujui wanaishia wapi. Fedha iliyopo inatosha warsha ya siku mbili kwa watu wapatao thelathini. Wasiwasi wangu ni kwamba warsha za namna hii tumeziona nyingi: watu hupokea makabrasha, hupiga picha ya pamoja, husaini posho, na Jumatatu kila mmoja anarudi kwenye foleni ya wagonjwa vilevile alivyoiacha. Ninaomba ushauri wenu: kifundishwe nini hasa, kwa nani, na kifanyike nini baada ya warsha ili ujuzi ubaki? Aidha, je, ni sahihi kumfundisha tiba hii tabibu ambaye hakusomea saikolojia?

Mwanasaikolojia_Upanga

Ndugu Mratibu, swali lako la mwisho ndilo linaloamua mengine yote. Tiba hii haigawiwi kwa kila mtumishi kwa kipimo kimoja. Msingi wake ni kazi ya Aaron Beck, Gregory Brown na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania nchini Marekani, ambao mwaka 2005 walichapisha matokeo ya jaribio la kitabibu lililohusisha watu wazima 120 waliokuwa wamefikishwa idara ya dharura baada ya kujaribu kujiua. Waliopangiwa vikao kumi vya tiba hii walikuwa na uwezekano wa kurudia tendo hilo uliopungua kwa takribani nusu, wakilinganishwa na waliopata huduma ya kawaida, katika kipindi cha ufuatiliaji cha miezi 18. Vikao kumi mikononi mwa mtaalamu aliyefunzwa na anayesimamiwa haviwezi kufundishwa kwa siku mbili, na anayeahidi hivyo anauza makabrasha.

Katika matokeo yale kuna jambo ambalo wakufunzi wengi hulipita haraka. Makundi mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana katika mawazo ya kujiua; tofauti ilikuwa kwenye kujaribu tena. Kwa hiyo mwanafunzi wako aelewe tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake si kumfuta mgonjwa mawazo, bali kumwezesha kuzivuka salama saa ambazo mawazo hayo huwa makali. Asiyelielewa hili atakata tamaa pale mgonjwa atakaposema kwamba mawazo bado yapo, au atamlaumu, na mgonjwa akishalaumiwa mara moja hujifunza kuficha. Hapo umempoteza.

Vikao vya mwanzo hutumika kusikiliza simulizi ya tukio lenyewe, kuandaa mpango wa usalama na kuelewa ni fikra zipi zilizomfikisha mgonjwa hapo. Vya katikati hushughulikia fikra hizo, hasa ile ya kwamba hakuna njia nyingine, pamoja na kuandaa kile tunachokiita sanduku la matumaini, ambamo mgonjwa huweka vitu vinavyomkumbusha sababu za kuishi: picha ya mwanawe, tasbihi ya bibi yake, barua ya kuitwa kazini. Mwishoni kuna zoezi ambalo mgonjwa hurudi kwa fikra hadi siku ile ya tukio na kueleza, hatua kwa hatua, angefanya nini sasa. Akishindwa, tiba haifungwi. Zoezi hili la mwisho nisingemkabidhi mtu aliyetoka warshani wiki iliyopita.

Kuhusu namna ya kufundisha, punguza mihadhara na uongeze igizo dhima. Waketi wawili wawili, mmoja awe mgonjwa, kisha usikilize swali la kwanza linalotoka. Karibu kila mara ni «Kwa nini ulifanya hivi?», na anayeigiza mgonjwa huinamisha kichwa papo hapo, ingawa anajua kwamba ni mchezo. Mwambie tabibu aanze upya: «Nisimulie siku ile tangu ulipoamka.» Simulizi huanza kutoka, na ndani yake mna kila kitu anachokihitaji: ugomvi wa asubuhi, simu ambayo haikupokelewa, saa ambayo angeweza kuzuiwa. Warudie zoezi hilo mpaka ulimi uzoee.

Muuguzi_Dharura, Mbagala

Ninaongeza ya upande wetu wa mapokezi, ambako mgonjwa huonekana kabla hajafika kwa mwanasaikolojia, na mara nyingi hamfikii kabisa.

Jambo la kwanza ni sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na wagonjwa wanalijua hilo, au ndugu zao wanalijua. Ndiyo maana unasikia «alikunywa kwa bahati mbaya» hata pale hali inaposema vingine. Mafunzo yasiyomwandaa muuguzi kumhakikishia mgonjwa usiri bila kumdanganya, na kueleza nafasi yake endapo suala la polisi na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, litajitokeza, yatabaki ya darasani. Mngemwalika mwanasheria wa hospitali hata kwa saa moja.

La pili ni mpango wa usalama. Ninaona umetajwa kwa kupita, lakini kwetu ndio ungekuwa kiini cha mafunzo. Barbara Stanley na Brown waliuandaa ukiwa na hatua sita: dalili zinazomtahadharisha mgonjwa kwamba hali inaanza kuwa mbaya, mambo anayoweza kuyafanya akiwa peke yake, watu na mahali pa kumtoa kwenye mawazo hayo, watu wa kuwaomba msaada waziwazi, wataalamu wa kuwapigia, na mwisho kuondoa au kuweka mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo. Fomu hujazwa haraka. Kazi iko kwenye kuuliza. Tuchukue kijana wa bodaboda ambaye katika hatua ya tatu anataja kijiweni kwake. Muuguzi aliyefundishwa fomu tu ataandika «kijiwe» na kuendelea. Aliyefundishwa kazi atauliza nani hukaa pale, na huenda akaambiwa kwamba anayemdai mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, huja pale kila jioni. Basi mahali hapo si pa kumpumzisha, watafute pengine: kwa kaka yake, uwanja wa mpira, msikitini baada ya alasiri.

Vilevile katika hatua ya mwisho, nyumba zetu za kupanga zina chumba kimoja kwa familia nzima, hivyo kumwambia mtu «fungia dawa kabatini» ni maneno matupu. Muulize ni nani anayeaminika kuzishika: mama mkubwa, jirani, mama mwenye nyumba. Kisha huyo aitwe, kwa ridhaa ya mgonjwa, kabla hajaruhusiwa.

Tabibu_Kigamboni

Ninakubaliana na Dada Muuguzi, lakini tusijidanganye kuhusu idadi ya watumishi. Kituoni kwangu mwanasaikolojia hayupo, na tukisema kazi hii ni ya wanasaikolojia pekee tutakuwa tumesema haitafanyika. Zimbabwe walionyesha mwaka 2016, kupitia mradi wa benchi la urafiki mjini Harare, kwamba wahudumu wa kawaida wa jamii wanaweza kupunguza dalili za sonona kwa tiba ya kutatua matatizo, wakiwa wamefunzwa na kusimamiwa. Jaribio lile halikuwa la kuzuia kujiua, kwa hiyo silitumii kuthibitisha zaidi ya uwezo wake. Ninalotaka kulisisitiza ni neno «kusimamiwa».

Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2005 uliwafuatilia wataalamu 78 waliojifunza tiba ya utambuzi na tabia kwa watu wenye uraibu. Baadhi walipewa mwongozo tu, wengine mwongozo pamoja na tovuti ya mafunzo, wengine semina pamoja na usimamizi baada yake. Kundi la mwisho ndilo lililoonyesha ujuzi bora. Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, ushauri wangu ni huu: wote thelathini wafundishwe mpango wa usalama kwa siku moja. Fedha ya siku ya pili usiitumie ukumbini. Chagua wachache, wanne au watano, walioonyesha utulivu na hamu ya kazi hii, wajifunze vikao vya mwanzo na vya katikati wakiwa na wagonjwa halisi, chini ya usimamizi wa kila wiki.

Mratibu_Mafunzo

Nashukuruni sana. Pendekezo la siku moja kwa wote ninalichukua, na mwanasheria nitamwalika. Limebaki swali la usimamizi huo wa kila wiki: msimamizi atajuaje kwamba tabibu anafanya tiba na hapigi soga na mgonjwa?

Mwanasaikolojia_Upanga

Kwa kusikia kikao chenyewe. Taarifa ya tabibu kuhusu kikao chake haitoshi, kwa maana kila mmoja wetu hujisimulia vizuri. Mgonjwa akiridhia kwa maandishi, kikao kirekodiwe na msimamizi asikilize sehemu yake, kisha akipime kwa kipimo cha umahiri wa tiba hii, chenye vipengele 11, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 6. Kwa kawaida jumla ya 40 kati ya 66 huhesabiwa kuwa umahiri unaotosha. Rekodi zikifungiwa kwenye kompyuta moja yenye nywila na kufutwa baada ya usimamizi, wagonjwa wengi hawakatai. Anayekataa asibembelezwe, tumia igizo dhima la kesi yake.

Nyongeza moja kwenye bajeti: weka fungu la vocha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika idara za dharura za hospitali za maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, nchini Marekani, uliohusisha wagonjwa 1,640, ulionyesha matendo ya kujiua yaliyopungua kwa asilimia 45 ndani ya miezi sita kwa waliopata mpango wa usalama pamoja na simu za ufuatiliaji baada ya kuruhusiwa. Simu ya kwanza ilikusudiwa kupigwa ndani ya saa 72, na muuguzi asiye na salio hawezi kuipiga. Ipigwe kwa simu ya idara, si ya mtumishi binafsi, na namba za mgonjwa ziandikwe mbili, kwa kuwa simu ya kwanza mara nyingi ni ya mwenza, na huenda huyo mwenza ndiye aliyegombana naye.