Naomba ushauri: chaja ya kuunda mwenyewe ya betri ya lithiamu 48V

Wakuu, habari za kazi. Niko Moshi, natengeneza pakiti za baiskeli za umeme, seli 13 kwa mfululizo. Nataka kuunda chaja ya kuswichi yenye transfoma inayotenganisha kabisa umeme wa ukutani na betri. Hapo sitaki mchezo: 230V ikishapita kwenye rektifaya (diodi za kugeuza AC kuwa DC), kapasita inabeba karibu 325V DC, na mteja anashika waya za betri kwa mikono mitupu.

Itoe 54.6V (4.2V kila seli) na ampea 3, yaani wati 164 hivi. Mkondo ubaki palepale hadi volti zifike, kisha volti zishikiliwe, mkondo ushuke wenyewe, ikate. BMS (saketi ya ulinzi ya pakiti) iwe mlinzi tu.

Ninayo pawasaplai ya kompyuta ya zamani yenye TL494 (aisii ya kudhibiti uswichi). Nimeipenda kwa sababu hiyo aisii imekaa upande wa pili (wa kutolea), inaziendesha transista mbili za upande wa moto (wa umeme wa ukutani) kupitia katransfoma kadogo, kwa hiyo kupima volti na mkondo hakuhitaji optokapla (kijenzi cha kupitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha pande mbili). Nisuke upya sekondari yake (koili ya kutolea ya transfoma), au nianze flaibaki (saketi ya swichi moja, transfoma inahifadhi nishati kisha kuitoa) ya aisii ya UC3842? Kwa wati hizi naona flaibaki itachemsha sana swichi.

Pia diodi za kutolea: 200V zitahimili, au niende 400V? Na kati ya praimari (koili ya kuingizia) na sekondari mnaweka tabaka ngapi za tepu? Kama kuna anayeuza tepu halisi ya transfoma Arusha, naifuata.