Chakula cha mkahawani kimenikesha. Wakwe wanakuja, na nikiwapikia chepesi naogopa kuitwa bahili

Binti wa Tudor (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wapendwa. Naomba ushauri, na mnivumilie kwa urefu.

Ijumaa iliyopita mume wangu alilipwa pesa za kazi alizozingojea tangu mwaka jana, akatutoa mimi, watoto watatu na mdogo wangu tukale nje upande wa Nyali, hapa Mombasa. Alifurahi, nami nilifurahi kwa ajili yake. Tumeketi mezani saa tatu na nusu usiku. Ikaja sinia ya biriani ya mbuzi, mishkaki, kuku wa kukaanga, viazi karai, chupa mbili kubwa za soda, na mwisho faluda. Masala ya ile biriani yalielea mafuta, ukiinamisha sahani yanakimbilia upande mmoja. Nilikula. Kila nikisita mume wangu ananiongezea, "Kula mama, leo siku yetu," na sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Saa nane za usiku niko barazani nimekaa kitako. Kulala siwezi, nikijinyoosha tu kiungulia kinapanda mpaka kooni. Tumbo limejaa kama ngoma, kiu haikatiki, na hili joto la Kaskazi mnalijua, hata upepo hakuna. Mtoto wa mwisho alitapika mara mbili. Mume wangu mwenyewe alikuwa akigeukageuka kitandani mpaka adhana ya alfajiri, ila hakusema kitu.

Jumamosi sikutia kitu tumboni mpaka adhuhuri, chai ya tangawizi tu. Kisha nikapika wali, pojo (choroko), mchicha wa kitunguu na tungule (nyanya), na samaki wawili aina ya changu, wa kuchoma kwa ndimu. Tonge la kwanza tu nilihisi mwili unashukuru. Watoto walimaliza sahani bila kuambiwa.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi ijayo mama mkwe, mawifi wawili na shemeji wanateremka kutoka Lamu. Mama ana presha na sukari. Mume wangu ameshapanga kuwapeleka palepale. Nilipomwambia ningependa kupika nyumbani, aliniuliza, "Utawapa pojo wageni wangu?" Hakusema kwa ubaya. Anaona mgeni asipowekewa nyama na samli atahisi hakuthaminiwa, na atakayesemwa ni yeye.

Nifanyeje? Nimwambie nini, nipike nini chenye heshima lakini kisichowalaza watu chali? Na hiki kiungulia, leo siku ya tatu, bado kinanichoma kidogo nikiinama.

Mvuvi wa Mtongwe

Pole dadangu. Biriani hainyimi mtu usingizi ikiliwa saa yake. Kwetu ni chakula cha mchana, Ijumaa watu wakitoka msikitini, halafu una mchana kutwa wa kutembea na kufanya kazi. Nyinyi mmekula saa tatu na nusu, mkapanda gari, mkalala. Tena juu ya biriani kuna kuku, viazi na faluda. Hata nyumbani ungekula hivyo ungeumia.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Waalaikum salaam mwanangu. Kwanza litoe hilo neno ubahili moyoni. Mgeni huheshimiwa kwa mkono uliomhangaikia. Kupeleka watu mkahawani ni kulipa. Kuamka alfajiri ukakuna nazi kwa ajili ya mama wa mumeo, hilo mama ataliona, hata asiposema.

Nimehesabu nyinyi na wageni ni watu tisa au kumi. Pika hivi. Mchele kilo moja na nusu, nazi nne. Zikune nazi, kamua tui la kwanza kwa maji ya vuguvugu machache, liweke kando. Chicha itie maji tena, kamua la pili, kisha la tatu. Wali upike kwa hilo la pili na la tatu peke yake, chumvi ya kuonjea, na iliki mbili tatu umezipasua. Harufu itakuwepo na wali utachambuka. Watu wengi hutia tui zito lote kwenye wali, wakishakula hawawezi kuinuka, halafu wanasema wali wa nazi ni mzito. Mzito ni mkono wa mpishi.

Tui la kwanza ni la samaki wa kupaka. Chukua changu wakubwa au kolekole, wachanje, wapake thomu (kitunguu saumu), tangawizi, pilipili mbichi, ndimu na chumvi kidogo, waache saa moja. Choma kwa makaa. Tui lipike pembeni na ukwaju na bizari ya manjano, koroga mpaka lishike kijiko, kisha mpake samaki kila ukimgeuza. Ni la kupaka, lisiwe la kuogeshea. Mchicha uunge kwa kitunguu na tungule bila nazi, kwa sababu nazi imeshaingia kwingine. Mchuzi uwe wa chukuchuku, samaki kwa ndimu, pilipili na embe mbichi, hata tone la mafuta usitie. Watu wa Lamu wanaujua mchuzi huo kuliko sisi. Weka kachumbari. Pojo usiwawekee, si kwa kuwa ni aibu, ila mumeo ameshalitaja na litamkera. Wacha lipite.

Kisha kuna kuandaa. Tandika mkeka safi, wali uwe kwenye sinia moja kubwa, ufunike kwa kawa. Samaki walale juu ya majani ya mgomba. Watoto wapitishe birika na tasa, mama anaweshwe mikono pale alipoketi. Baada ya hapo nani atakuuliza nyama iko wapi?

Baba Wawili, Likoni

Bi Mkubwa amemaliza upande wa jikoni. Mimi niseme upande wa mume, maana nami nimewahi kuwa mume huyo.

Dada, usimwambie chakula chake kilikutesa. Alitoa pesa aliyoingoja mwaka mzima ili muifurahie pamoja, na ukianza kuhesabu kiungulia atasikia kwamba ameshindwa kuwafurahisha. Mke wangu alinikosoa hivyo siku moja mbele ya ndugu zangu, na nilichukua muda kusahau. Anza na mama yake. Mwambie, "Nina wasiwasi na presha ya mama, wali wa mkahawani hatujui umetiwa nini." Hilo atalisikia, na ni kweli tupu.

Halafu mpe kazi. Samaki achome yeye. Mwanamume akisimama kwenye jiko la makaa mbele ya mama yake na kipepeo mkononi, hicho chakula ni chake, hatakubali mtu akiseme. Na ile hamu yake ya kuwatoa usiizime. Baada ya alasiri awapeleke Mama Ngina, pale ufukweni, mama akae apunge upepo, aangalie meli zikiingia Kilindini. Kahawa tungu, madafu, muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili kwa wanaotaka. Atakuwa amewatoa, na hakuna atakayekesha.

Muuguzi wa Kisauni

Dadangu, nianze na kiungulia chako. Chakula chenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu kuliko chakula cha kawaida. Tumbo likijaa hivyo halafu ulale chali, tindikali hupanda kwenye umio, na ndiko kule kuchoma. Soda nayo huongeza gesi. Siku hizi chache kula kidogo kidogo, maliza chakula cha usiku mapema, yapite kama masaa matatu kabla ya kulala. Ukilala, lalia ubavu wa kushoto, na kichwa cha kitanda kiinuliwe kidogo kwa matofali. Mito pekee hukunja tumbo. Pilipili, ndimu na kahawa zipumzishe kwanza. Dawa ya kutuliza tindikali unaweza kupata duka la dawa, mweleze mfamasia dawa nyingine unazotumia. Kikizidi wiki mbili, au kikirudi kila mara, nenda ukaonwe.

Kuna mambo mawili si ya kungojea wala kutafutia ushauri hapa. Kifua kikibana, maumivu yakaenda mkononi au tayani, jasho jembamba likatoka, hiyo si biriani, kimbilia hospitali. Na mtu anayepata maumivu makali chini ya mbavu za kulia kila akila mafuta, akapimwe vijiwe vya nyongo.

Sasa, Bi Mkubwa, kwa heshima zote, hapa nitatofautiana nawe kidogo. Tui zito nalo ni mafuta, tena ya aina ileile tunayowaambia wagonjwa wa presha wapunguze. Kupika nyumbani peke yake hakukifanyi chakula kuwa salama. Na kwa mwenye sukari, sinia ya wali ni mtihani hata ukiwa mwepesi namna gani. Mama apakuliwe kwenye sahani yake: nusu mboga na kachumbari, robo samaki, robo wali. Chumvi muwe waangalifu, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula. Achari isipite karibu naye. Ndimu na ukwaju vitafanya kazi ya chumvi.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Mwanangu muuguzi, nimekusikia. Basi mama samaki wake asipakwe, achomwe na ndimu tu. Ila msimpakulie tofauti mbele ya watu akajiona mgonjwa. Mawifi nao wapakuliwe kwenye sahani, iwe ndiyo desturi ya siku hiyo.

Mpishi Mstaafu

Nimepika katika mikahawa ya mji huu miaka mingi, niwaambie mafuta yale yanatoka wapi, kwa sababu si uchoyo wala uchafu. Vitunguu vya biriani vinakaangwa kwa mafuta mengi, vinaogelea. Viazi vinakaangwa humohumo. Kisha mafuta yale hayamwagwi, yanaingia kwenye masala, na mengine yanamwagiwa wali pamoja na rangi. Sufuria inakaa juu ya moto tangu saa sita mchana mpaka usiku. Bila mafuta wali unakauka na masala yanashika chini. Ulipokula saa tatu na nusu ulikula ya chini, ambayo imepikika kutwa.

Mume wako akishikilia lazima biriani iwepo, ipike nyumbani, inawezekana. Vitunguu kaanga kwa mafuta ya vijiko vichache, moto mdogo, taratibu. Vitachukua muda lakini vitageuka rangi. Viazi chemsha, usikaange. Uzito wa masala uutoe kwenye mtindi na tungule, si samli. Yakiiva, epua, yaache yatulie, mafuta yatapanda juu, yateke kwa upawa. Utashangaa utakavyoyajaza kwenye bakuli. Ladha haipungui, kwa sababu ladha ya biriani ni iliki, mdalasini, karafuu na ule mtindi uliolaza nyama.

Binti wa Tudor

Nimesoma yote mara mbili, Mwenyezi Mungu awalipe. Nilimwambia mume wangu jana usiku kama alivyosema Baba Wawili, nikaanza na presha ya mama. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hata mimi siku ile sikulala." Ndiyo mara ya kwanza analitamka. Sikuongeza neno.

Asubuhi akampigia mama simu mwenyewe, akamuuliza angependa kula nini akifika. Mama akamjibu kwamba safari ya basi itamchosha, hataki makubwa, kama kuna mchuzi wa chukuchuku na wali kidogo anatosheka. Mume wangu alikata simu akaniangalia, akauliza makaa nimeweka akiba kiasi gani.

Kwa hiyo ni samaki, naye atachoma. Biriani tumekubaliana ile ya Mpishi Mstaafu, sufuria ndogo, kwa ajili ya shemeji ambaye asipoona nyama hashibi. Kahawa na madafu ni Mama Ngina, baada ya alasiri. Mimi nalalia ubavu wa kushoto tangu juzi na kiungulia kimepungua sana.

Limebaki moja. Samaki wa siku hiyo nikanunue Ijumaa niwatie barafu, au niende Jumamosi yenyewe? Na wapi, maana Marikiti mara nyingine nafika nakuta waliobaki.

Mvuvi wa Mtongwe

Jumamosi yenyewe, na usichelewe. Nenda soko la samaki la Mji wa Kale mapema, boti za usiku zikishateremsha, au nenda Kongowea ukitaka kwa wingi. Changu mtazame jicho, liwe limejaa na linang'aa, likiwa limezama muache. Funua tamvua, ziwe nyekundu. Mbonyeze kwa kidole, nyama irudi. Muuzaji akikukataza kumfunua, nenda kwa mwingine. Mwambie akupare magamba hukohuko, lakini kuchanja chanja mwenyewe nyumbani.

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Na nazi zinunue Ijumaa, uzitikise moja moja sikioni. Isiyolia maji irudishe.